Mzingo Mweusi Umemharibu Korongo wa Ruma

Korongo yule hakustahili kuzungushiwa shanga nyeusi. Picha yake ya shanga za kuyeyushwa kwa pasi mmeiona, imepita simu kwa simu kutoka Homa Bay hadi Migori, na wengi mmeisifu. Mimi pia naisifu, mpaka pale fundi alipoamua kumtia mnyama mzima mzingo mweusi, kuanzia ncha ya pembe hadi kwato. Kazi iliharibikia hapo, kabla hata pasi haijapata moto.

Tupige hesabu. Ubao mmoja wa mraba wa kupangia shanga una vijiti 29 kwa 29, yaani nafasi 841, na shanga ya kawaida ina upana wa milimita 5. Mnyama aliyesimama ubavu akienea ubao mzima hana nafasi ya kuchezea. Kichwa cha korongo huyu kimepewa shanga saba kwenda juu. Mzingo umekula moja juu na moja chini, zikabaki tano, na ndani ya hizo tano lazima paenee jicho, uso mweusi, doa jeupe mbele ya jicho na mdomo mweupe. Haviwezi kuenea. Fundi akalazimika kuchagua, na alichokitupa ni doa jeupe.

Jamani, doa lile! Korongo hutambulika kwa sura yake nyeusi kwa nyeupe. Mtoto wa bonde la Lambwe akiulizwa amtofautishe na swala wengine, ataonyesha uso kwanza, kisha masikio marefu yenye vishungi. Nchi nzima ya Kenya, korongo wa porini wamebaki Ruma tu, katika hifadhi ya kilomita za mraba 120 hivi ndani ya bonde hilo. Ukiamua kumchora mnyama wa namna hiyo, uso wake ndio kazi yenyewe. Sasa uso mweusi umegusana na mzingo mweusi, vyote vimekuwa kitu kimoja, na mnyama amebaki na kichwa cha ndama aliyepakwa masizi.

Pembe zimeumia zaidi. Pembe za korongo zina pete, zimepinda kurudi nyuma, na rangi yake tayari ni ya giza. Kwa ukubwa huu kila pembe ilihitaji shanga moja ya upana, na nafasi moja tupu katikati ili macho yaone kwamba ziko mbili. Ukizungushia nyeusi kila upande, ile nafasi inazibwa. Tumeletewa gogo moja nene juu ya kichwa, zito kama pembe la mbogo.

Utetezi nimeusikia. Wa kwanza ni kwamba bila mzingo picha ingepotelea ukutani. Mwili wa hudhurungi haupotei kwenye ukuta wa rangi ya maziwa. Na kama tumbo lilitia wasiwasi, safu moja ya hudhurungi iliyoiva ingetosha, pale chini tu. Wa pili una uzito: shanga zinazogusana kwa kona hazishikani vizuri, na pembe iliyopinda hukatika ukiibandua ubaoni. Ni kweli. Lakini dawa yake ni kuongeza shanga moja ya kijivu kwenye kila ngazi ya mpindo, upande wa ndani, ili shanga zigusane ubavu kwa ubavu. Shanga tatu au nne zingemaliza kazi iliyofanywa na mzingo wa mnyama mzima.

Mwaka 1981 mbunifu wa michezo ya video Shigeru Miyamoto alikuwa na miraba michache kuliko ya ubao huu alipomchora Mario kwa ajili ya mchezo wa Donkey Kong. Hakuweza kuchora mdomo ukaonekana, akaweka masharubu. Nywele zilimsumbua, akamvalisha kofia. Katika Super Mario Bros. ya mwaka 1985, Mario mdogo ana rangi tatu tu na hana mzingo mweusi hata kidogo, na dunia nzima inamjua. Kila mraba ulipewa jukumu. Hata hapa kwetu, kina mama waliodarizi vitambaa vya makochi kwa mishono ya msalaba walihesabu nyuzi za kitambaa moja moja, na ua jekundu lilisimama juu ya cheupe bila kuzungushiwa kitu. Hawakuwa na programu ya kusaga picha ya kamera iwe miraba. Programu hizo nimezipinga miaka yote na nitaendelea kuzipinga, kwa kuwa hazijui jicho ni lipi na nyasi ni zipi.

Kosa la fundi huyu la kutohesabu nafasi ni ndugu wa lile la bangili za bendera, ambalo wasomaji wangu wamechoka kunisikia nikilitaja. Watengenezaji wengi huacha mistari myeupe wakidai shanga hazitoshi. Bendera yetu ina vipimo 6, 1, 6, 1, 6: nyeusi, nyeupe, nyekundu, nyeupe, kijani. Jumla yake ni safu 20 kamili. Kwenye ubao wa 29 inaingia na safu tisa zinabaki. Anayeiacha nyeupe hajahesabu.

Hata hivyo, pasi ya fundi huyu haina dosari: moto wa wastani, matundu hayajazibika, na picha haijapinda, dalili kwamba ilipoa chini ya kitu kizito.

Na uwezo anao. Ukuta wa boma la kale la mawe la Thimlich Ohinga aliouweka kando ya korongo ameujenga kwa kijivu cha aina tatu, jiwe juu ya jiwe, bila mstari mweusi mahali popote.

Shanga zikishayeyuka hazibanduki, kwa hiyo korongo huyu hawezi kurekebishwa. Namwomba fundi achukue daftari la hesabu la miraba, achore kichwa peke yake kwa penseli, aanze na doa jeupe, na asiguse shanga nyeusi mpaka uso na pembe vimepata nafasi zake.