Wekundu Unaotegemea Kijani

Mwaka 1910 Arthur Soames, tajiri wa bia kutoka Lincolnshire, alinunua Sheffield Park, katika Sussex, kusini mwa Uingereza. Bonde na maziwa vilikuwa na mkono wa Capability Brown na Humphry Repton, mafundi wa bustani wa karne ya 18. Soames alileta rangi. Hadi alipofariki mwaka 1934, alipanda akiwaza Oktoba, majani yanapopukutika.

Mti uliompa sifa ni tupelo wa mashariki mwa Marekani, alioupanda kwa mamia. Hupenda udongo wenye tindikali na unyevunyevu, na kwa kuwa mzizi wake mkuu huzama sana, hauvumilii kung'olewa ukahamishwa. Hupandwa ungali mche. Wageni huupiga picha mti huo. Mimi naona ufundi wenyewe uko nyuma yake, kwenye misonobari, sekwoya na jamaa zao wasiomwaga majani, kijani kilichokolea hadi kukaribia weusi. Ondoa kijani hicho, acha mawingu meupe ya Uingereza yawe ndiyo mandhari ya nyuma, na jani lilelile jekundu litaonekana limefifia, karibu kahawia. Soames pia hakumwaga rangi kali kila mahali. Kati ya fungu na fungu jicho hupata pa kupumzika, kisha maji yaliyotulia hurudia picha nzima kichwa chini.

Mahali pa kuupanda mti napo pana hesabu yake. Klorofili ikivunjika, manjano iliyokuwa imefichwa ndani ya jani hujitokeza yenyewe, hata kivulini. Nyekundu sivyo. Hiyo jani hulazimika kuitengeneza upya, kwa sukari, mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa na baridi isiyofikia kugandisha. (Anayeishi pwani kwetu ameona mkungu ukiwaka mwekundu kabla ya kupukutika, na hakuna baridi yoyote, lakini miti ya aina hiyo ni michache.) Kwa hiyo mti wa wekundu unataka ukingo wa ziwa, palipo wazi, na miti mizito ikae upande usiouzibia jua. Ukikosea hapo, utavuna manjano tu.

Oktoba 1987 dhoruba kuu iliyopiga kusini mwa Uingereza iliangusha miti mingi Sheffield Park, ikabidi kupanda upya. Mche wa tupelo huweza kuwa mwekundu ungali mdogo. Msonobari wa kusimama nyuma yake huchukua miongo kadhaa kukua.