"Ikiwezekana": Neno Moja katika Mikataba Yetu

Mwalimu wa lugha husoma mkataba kama asomavyo shairi: huliangalia neno lililochaguliwa na jinsi lilivyopangwa. Kwa jicho hilo natuitazame mikataba iliyokusudiwa kuwaunganisha Waafrika.

Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliotiwa sahihi Addis Ababa mwaka 1963, ulizitaja lugha za kazi: lugha za Kiafrika "ikiwezekana", kisha Kiingereza na Kifaransa. Lugha za wageni hazikuwekewa sharti. Za wenyeji ndizo zilizoambiwa zingoje. Neno hilohilo lilirudiwa mwaka 2000 katika sheria iliyouunda Umoja wa Afrika.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999, katika ibara ya 137, ulikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kiswahili kikaahidiwa kuwa "kitaendelezwa" kiwe lugha ya mawasiliano. Kitaendelezwa na nani? Lini? Kauli ya kutendwa imemficha mtendaji.

Matokeo yalidhihirika Julai 2004. Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji alipouhutubia mkutano wa Umoja wa Afrika kwa Kiswahili, wakalimani hawakuwa tayari.

Wapo wasemao kwamba Kiswahili hakina msamiati wa sheria. Hoja hii ni dhaifu: Bunge la Tanzania limejadili miswada kwa Kiswahili kwa miongo mingi, na mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na mahakama nchini humo. Msamiati huzaliwa na kazi. Hoja iliyo nzito ni ya Uganda, ambako wazee wengi wanakikumbuka Kiswahili kama lugha ya askari. Kumbukumbu hiyo haifutwi kwa amri; hufutwa taratibu darasani.

Mwaka 2019 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilikikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne, na Februari 2022 Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi. Ni hatua njema, lakini ahadi ni deni. Kipimo chake ni mchuuzi wa samaki anayevuka mpaka pale Busia: je, anaweza kuisoma mwenyewe kanuni ya ushuru anaodaiwa?

Walimu wenzangu, hatuna budi kuwafundisha vijana kuandika kumbukumbu za mkutano, kutafsiri kanuni za forodha na kukalimani. Hapo "ikiwezekana" litakosa pa kujificha.