Gims aliacha rap? Tuangalie kwanza kipimo

Siku ya Mungu iliyopita nilikuwa kwetu Kadutu, nataka tu kupumzika. Kumbe mudogo wangu na marafiki wake wawili wako ku barza wanabishana mpaka jirani akafungua dirisha. Neno lilikuwa moja: Gims. Mmoja anasema, "Ule aliuza rap. Zamani alikuwa rapa wa kweli, leo iko mwimbaji wa ndoa." Mudogo wangu anamujibu, "Ni wivu tu! Mtoto wa Kinshasa alijaza Stade de France!" Kiisha wakanigeukia mimi: "Yaya, wewe ulisoma, kata hii maneno."

Mimi nilisoma agronomia, sikusoma muziki. Lakini kupima mbegu ni kazi yangu, na naona hapa shida iko kwanza ku kipimo.

Tukumbushane safari yake kwa ufupi. Gandhi Djuna alizaliwa Kinshasa mwaka 1986, akafikishwa Ufaransa akiwa na miaka 2. Jina lilianza kupanda na Sexion d'Assaut, kikundi cha rap cha Paris, hasa kwa albamu L'École des points vitaux (2010) na L'Apogée (2012). Mwaka 2013 akatoka peke yake na Subliminal, ile yenye "J'me tire" na "Bella". Mnakumbuka "Bella" hapa Bukavu: ku taksi, ku sherehe za ndoa, hata wamama wasiojua rap ni kitu gani waliiimba. Tangu pale alama ya wachambuzi wengi juu yake haijapanda sawa na mauzo yake. Lawama ni mbili, na watu wanazichanganya kila siku. Mimi naona moja ni ya uongo, ingine ni ya kweli.

Lawama ya kwanza: rapa akianza kuimba, amesaliti. Hii sheria ilitoka wapi? Baba yake Gims, Djanana Djuna, alikuwa mwimbaji ndani ya Viva la Musica ya Papa Wemba. Ndani ya ule muziki wa Kinshasa, wimbo unaanza polepole na sauti tamu, kiisha gitaa zinachangamka, atalaku anaingia na kelele zake, majina ya watu yanaitwa, watu wanacheza. Kuimba, kusema na kupiga kelele vinaishi nyumba moja. Hakuna mtu aliyemuambia Papa Wemba achague upande. Kwa hiyo Gims akiimba, mimi sioni mtu aliyekimbia kwao. Naona mtoto aliyerudi kwa kazi ya baba. Wale wanaomuhukumu kwa sheria ya "rap safi" wanapima muhogo kwa kipimo cha ngano.

Tena yeye mwenyewe aliikubali ile sheria, na mimi naona njo kosa lake. Mwaka 2015 alitoa Mon cœur avait raison, albamu ya sehemu mbili: Pilule bleue kwa nyimbo za pop, Pilule rouge kwa rap. Aliweka uzio katikati ya shamba lake mwenyewe, sawa vile mtu anayeomba ruhusa. Lakini angalieni wimbo uliokaa zaidi katika kazi ile, "Sapés comme jamais" pamoja na Niska. Uko na rap, uko na sauti ya kuimba, uko na sape, ule ufundi wa kuvaa ambao Papa Wemba aliutembeza dunia nzima. Mwaka 2016 ukapata tuzo ya wimbo bora kule Victoires de la musique Ufaransa. Uzio ulivunjwa na wimbo wake mwenyewe.

Sasa lawama ya pili, ile ya kweli. Wakati wa staji yangu huko Kabare, tulipeleka kwa wakulima aina mpya ya maharagi yanayopanda miti. Mavuno yalikuwa mazuri sana, tulifurahi. Musimu uliofuata mama mmoja akaturudishia mbegu. Akasema: "Inazaa, ndiyo. Lakini inakula makala yangu yote mbele iive, na supu yake iko maji." Sisi tulikuwa tumepima kilo tu. Yeye alipima chungu.

Ceinture noire ya 2018 inanikumbusha yule mama. Nyimbo 40! Vianney, mwimbaji wa nyimbo za Kifaransa, yuko ndani. Lil Wayne wa Marekani yuko ndani. Sauti ya Gims haina shida, ile sauti inajaza nyumba hata bila ala. "La Même" na Vianney ni wimbo mzuri, siutupi. Lakini agronoma yeyote anajua: ukipanda miche mingi pamoja bila kung'oa iliyosongana, yote inakonda. Nyimbo nyingi pale zinazungumza na kila mtu, njo maana hazimuhusu mtu. Pesa, mapenzi, maadui wasio na jina. Unaweza kuzisikia Paris, Dubai ao Bukavu, hazina harufu ya mahali popote.

Mwaka 2023 aliposema kwamba Wamisri wa kale walikuwa na umeme ku mapiramidi, dunia ya Kifaransa ilimucheka majuma mazima. Alikosea, na ilikuwa haki kumusahihisha. Lakini kicheko kile kilisaidia wengi kuacha kusikiliza. Kumucheka mtu hakutuambii kama wimbo wake iko muzuri ao mubaya.

Nirudi ku barza. Mudogo wangu anarap, kwa Kiswahili chetu hiki. Alinisikilizisha wimbo wake mpya, na nikagundua sababu ya ile kelele yote: ameweka kiitikio cha kuimba, na marafiki wanamuita msaliti. Nikamuambia aimbe bila haya. Innoss'B ni mtoto wa Goma, na "Yo Pe" yake iliyofika mbali 2019 na Diamond Platnumz ni ya kuimba na kucheza.

Lakini kulikuwa jambo lingine. Ule wimbo niliujua tangu zamani. Ubeti wa pili ulikuwa juu ya erozio ya Funu, nyumba ya koko yetu iliyokwenda na mvua, na yeye anashika sahani moja iliyobaki. Sasa Funu haiko. Mahali pake aliweka Dubai na gari nyeupe.

Nikamuuliza sababu. Akasema, "Yaya, nani ku Kinshasa anajua Funu?"

Sikuwa na jibu la haraka. Anajua kwamba lisansi yangu haijanipa kazi ya kudumu. Anataka wimbo umulishe, na hapo siwezi kumuhukumu. Nilimuambia tu: watu wa Ufaransa hawakujua sape ya Kinshasa, na bado waliucheza ule wimbo. Kiitikio kibaki. Funu irudi.

Anaingia studio siku ya posho. Ninyi mngemushauri nini?