Mdomo ndio unaoanza kuendesha

Mtihani wa udereva nchini Kenya huanzia mezani. Mbele ya mtahini huwekwa bodi, yaani ubao uliochorwa mji mzima: barabara za njia moja, makutano, mizunguko, maegesho, na juu yake kigari cha kuchezea. Mtahiniwa hukisogeza kwa mkono huku akieleza kila hatua anayochukua. Huulizwa pia alama za barabarani. Baada ya hapo ndipo anapokalia usukani wa gari lenyewe, mtahini akiwa kando yake.

Wanaoipinga bodi wana hoja nzito. Kigari hakina klachi, hakizimi katikati ya njia, wala hakipigiwi honi na matatu iliyo nyuma yake. Hata hivyo, bodi ina faida moja kubwa ambayo watahiniwa wengi huiacha pale pale mezani: humlazimu mtu kutamka anachokiona na anachokusudia kufanya, jambo moja baada ya jingine. Anayeendelea kufanya hivyo hadi ndani ya gari, hata kwa kunong'ona, ana silaha nzuri dhidi ya woga.

Ushahidi wa faida ya kutamka uko mbali na shule za udereva. Madereva wa treni nchini Japani huinyoshea kidole taa ya ishara na kutamka hali yake kwa sauti, utaratibu uitwao shisa kanko. Mwaka 1994 taasisi ya utafiti wa reli ya nchi hiyo iliupima kwa kazi rahisi. Waliofanya kazi kimya kimya walikosea mara 2.38 katika kila vitendo 100. Walionyosha kidole na kutamka walikosea mara 0.38 tu. Nako Uingereza, polisi wanaosomea udereva wa ngazi ya juu hufundishwa kuisimulia barabara huku gari likienda.

Woga huyavuta macho ya mtahiniwa kwenye kalamu ya mtahini: ameandika nini, mbona amekunja uso? Mdomo unaosema "kioo cha ndani, kioo cha kulia, indiketa" huyarudisha macho kwenye kioo, kwa sababu ni vigumu kutaja kitu kwa makini bila kukitazama. Zaidi ya hayo, anayesema hutoa pumzi. Aliyeingiwa na hofu huvuta pumzi fupi fupi na kuzibana kifuani, ilhali pumzi inayotoka polepole ndiyo inayopunguza mapigo ya moyo.

Tatizo ni kwamba wengi huikariri bodi. Hujifunza safari moja, kutoka maegesho haya hadi mzunguko ule, na kuighani bila kuifikiria. Mtahini akibadilisha anakotaka kwenda, maneno yote humtoka mtu kichwani na mikono huanza kutetemeka. Mwalimu mzuri hukisukuma kigari katika makutano ambayo mwanafunzi hakuyatarajia, kisha humwuliza: gari la kulia kwako linaingia mzunguko, utafanya nini? Masomo ya namna hiyo huchukua muda mrefu, na shule zinazowaharakisha wanafunzi huwapunja sehemu yenye thamani kuliko zote.

Mlimani ndiko woga unakojitokeza waziwazi. Gari limesimama kwenye mwinuko, handbreki imevutwa, gia ya kwanza imeingizwa. Mguu wa kushoto unapaswa kuinua klachi hadi inapoanza kushika, uishikilie hapo, huku mguu wa kulia ukiongeza mafuta kidogo. Wengi huitoa handbreki mapema kwa sababu wanasikia gari la nyuma likikaribia. Wengine huinua klachi kwa pupa na injini huzima. Dalili za kungojea ni mbili, na zote hutambulika bila kutazama chini: mlio wa injini hushuka, na boneti huinuka kidogo kana kwamba gari linataka kuondoka. Hapo ndipo handbreki hutolewa, si kabla.

Na mguu wa klachi ukitetemeka? Mara nyingi sababu ni kwamba umening'inia hewani, misuli yote imekazwa, na adrenalini inaizidishia mkazo. Kisigino kikitua sakafuni na pedali kuongozwa kwa kifundo cha mguu, mtetemo hupungua mara moja. Kiti nacho huchangia. Mtahiniwa anayelipanda gari lililotoka kutumiwa na mwenzake mrefu, asithubutu kukisogeza kiti kwa kuogopa kupoteza muda, amejitafutia tabu mwenyewe. Kurekebisha kiti na vioo ni sehemu ya udereva, na mtahini hutarajia kuiona.

Watu wa nyumbani humwambia mtahiniwa "tulia tu" asubuhi ya mtihani. Utafiti wa Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard, uliochapishwa mwaka 2014, unaonyesha kuna kauli inayofaa zaidi. Watu waliokaribia kuimba au kuhutubia mbele ya wengine, au kufanya mtihani wa hesabu, walifanya vizuri zaidi walipojiambia wana hamu na msisimko kuliko walipojiambia watulie. Moyo unaodunda kwa kasi hautii amri ya kunyamaza, lakini hukubali kupewa kazi.

Kisha kuna kosa lenyewe, ambalo karibu kila mtahiniwa hulifanya. Nchini Uingereza, ambako wanaofaulu mtihani wa barabarani ni chini kidogo ya nusu, mtu huruhusiwa hadi makosa madogo 15. Kosa moja kubwa ndilo linalomwangusha. Injini kuzima, kama hakuna aliyehatarishwa, huweza kuhesabiwa kuwa kosa dogo. Kinachoharibu ni haraka inayofuata: mtu huwasha gari likiwa kwenye gia, linaruka mbele, kioo kimesahaulika. Katika sekunde hizo ndipo utaratibu wa bodi unapohitajika, jambo moja baada ya jingine: breki, handbreki, gia huru, washa, gia ya kwanza, vioo, ondoka.