Kombe la Maafande Huamuliwa Kambini

Timu ya taifa humwita mchezaji kwa sababu anaujua mpira. Timu ya jeshi humwita kwa sababu anaujua mpira na pia ni askari aliye kazini. Sharti hilo la pili ndilo linaloamua, kuliko mbinu yoyote ya ubaoni, nani atabeba kombe la dunia la majeshi, mashindano yaliyo chini ya CISM, baraza la kimataifa la michezo ya kijeshi lililoundwa mwaka 1948. Kabla ya kuuliza kama maafande walipangwa 4-4-2 au 4-3-3, mchambuzi aulize walipatikanaje na waliishi pamoja kwa muda gani.

Majeshi yalianza kushindana kwa soka kabla ya CISM kuwapo. Tangu 1921 Uingereza, Ufaransa na Ubelgiji zilikuwa zikigombea Kombe la Kentish, lililopewa jina la Brigedia Jenerali Reginald Kentish. Timu zilikuwa tatu, kila moja ikikutana na nyingine. Ukipoteza mechi ya kwanza, umebakiwa na moja tu ya kujiokoa. Katika ratiba fupi namna hiyo timu haipati muda wa kukua mashindanoni. Lazima ifike imeshaiva.

Walioelewa hilo mapema na kulifanyia kazi ni Wafaransa. Enzi hizo kila kijana wa kiume alilazimika kulitumikia jeshi, na wanamichezo wenye vipaji walipelekwa Kikosi cha Joinville. Humo walifanya mazoezi pamoja, kisha wakaruhusiwa kwenda kuzichezea klabu zao kwenye ligi. Michel Platini alipita huko, na baadaye Zinedine Zidane.

Kiufundi, faida kubwa ya mpango huo ilikuwa nyuma. Mshambuliaji hodari anaweza kufunga hata kama jana ndiyo amekutana na wenzake: anapewa mpira, anamzidi beki mbio, anapiga. Safu ya ulinzi haina bahati hiyo. Mabeki wanne kupanda kwa pamoja ili adui aotee, kujua bila kuambiwa nani anatoka kukaba na nani anabaki kuziba pengo, kipa kujua ni krosi ipi amwachie beki wake: haya huja kwa kurudiarudia, wiki baada ya wiki, na watu walewale. Kocha wa timu ya taifa hupewa siku chache tu. Kocha wa Joinville alikuwa na vijana wake kambini kwa miezi.

Mwaka 1957 Ufaransa ilitwaa ubingwa wa dunia wa majeshi. Ndani ya kikosi kile alikuwamo Rachid Mekhloufi, kijana wa Sétif, Algeria, ambaye mwaka huohuo alikuwa bingwa wa ligi ya Ufaransa na Saint-Étienne. Alicheza nyuma kidogo ya mshambuliaji wa kati, akishuka kuuchukua mpira, akigeuka, akipenyeza pasi. Mchezaji wa aina hiyo ndiye anayeiunganisha timu, na ndiye ambaye kumpoteza kunauma zaidi.

Ufaransa ikampoteza. Aprili 1958, akiwa bado askari, Mekhloufi alivuka mpaka kuingia Uswisi kwa gari pamoja na Waalgeria wenzake, Mokhtar Arribi na Abdelhamid Kermali, wakaelekea Tunis kujiunga na timu ya FLN, chama kilichokuwa kikipigania uhuru wa Algeria. Kombe la Dunia la Sweden lilikuwa miezi miwili mbele, naye alitarajiwa kuitwa. Kwa sheria za jeshi alikuwa mtoro. Lakini alikuwa na miaka 8 tu wakati Waalgeria walipouawa kwa wingi mjini kwao, Mei 1945, na sidhani kama kuna kambi ambayo ingemfundisha kusahau. FIFA iliikataa timu ile ya Tunis, nayo ikazunguka nchi rafiki ikicheza hadi uhuru ulipopatikana mwaka 1962. Jeshi la Algeria huru lilikuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 2011 mjini Rio de Janeiro, na tena mwaka 2015 huko Korea Kusini.

Ufaransa ilipoachana na utumishi wa lazima, Kikosi cha Joinville nacho kikavunjwa mwaka 2002. Korea Kusini bado ina utumishi huo, na klabu yake ya jeshi, Sangmu, inacheza ligi ya nchi hiyo kwa kutumia wachezaji wa kulipwa wanaotumikia takriban mwaka mmoja na nusu. Mwaka 2024 ilimaliza ya tatu. Udhaifu wake uko wazi: kundi moja humaliza muda msimu ukiendelea, na kocha huanza kuijenga safu upya.

Kwetu Afrika Mashariki jeshi hulea klabu ya kudumu. Simba FC, ile ya jeshi la Uganda na si ya Msimbazi, ilifika fainali ya klabu bingwa Afrika mwaka 1972 na kufungwa na Hafia ya Guinea. Ulinzi Stars ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1995, ilichukua ligi mara tatu mfululizo, 2003 hadi 2005, na tena 2010. Mchezaji wake huandikishwa jeshini, kwa hiyo mkataba wa mpira ukiisha bado ana kazi na mshahara. Mtu huyo hahamihami kila dirisha la usajili. Kiungo na beki wake wanaweza kukaa pamoja miaka mitano, kitu ambacho Joinville na Sangmu hazikuwahi kukipata. Gharama yake ni kwamba kuingiza damu mpya kunakuwa kugumu: aliyechoka miguu bado ni afande, na kijana wa miaka 19 mwenye kipaji huenda asitake kula kiapo ili tu acheze mpira. Benchi la ufundi la timu kama hiyo lingeanza kumtafuta kijana huyo akiwa bado shuleni, kabla klabu za kiraia hazijamfikia.