Marejeo Yasiyo na Kichwa

Katika maandiko ya elimu ziko desturi chache zilizo njema kama hii, ya mwandishi kutaja mahali alikotoa maneno yake. Atajaye hivyo huwapa waliomtangulia haki yao, tena humfungulia msomaji njia ya kwenda kuhakikisha mwenyewe. Desturi hiyo hatuilaumu. Twataka kuipima namna yake moja tu, ile waitumiayo waandishi wa kemia, ambayo nasi walimu huwafundisha vijana wetu bila kuifikiri sana.

Wanakemia hupenda ufupi. Huandika jina la ukoo la mwandishi, na majina yake mengine kwa herufi moja moja; kisha jina la jarida lililofupishwa, mwaka kwa tarakimu nene, juzuu kwa tarakimu za mlazo, na ukurasa. Jarida la Chama cha Kemia cha Marekani huwa J. Am. Chem. Soc., basi. Sababu zao zilikuwa za haki: karatasi na kazi ya kupanga herufi zilikuwa na gharama, na makala moja yaweza kuwa na marejeo mia. Tena msomaji wao alikuwa mtu wa maktaba kubwa; akiisha kupata juzuu na ukurasa, aliinuka kitini akaenda penye rafu akafunua. Kwa mtu huyo kichwa cha makala kilikuwa mzigo, na majarida mengi ya kemia yalikiacha kwa miaka mingi.

Lakini je, kwa msomaji wa Mutuka? Tulipokuwa tukifundisha habari za magadi, tuliandika ubaoni mstari huu kwa uangalifu mwingi: Dawson, J. B. Nature 1962, 195, 1075. Nukta zote zilikuwa mahali pake, nasi tukajiona tumetenda vema. Kijana mmoja akasimama akauliza, "Mwalimu, huyu bwana aliandika habari za wapi?" Mstari wetu haukuwa na jibu.

Na jibu ni kubwa. Kichwa cha makala hayo chataja lava za sodiamu kaboneti kutoka Oldoinyo Lengai, Tanganyika. Ndio mlima ule ulio kaskazini yetu, karibu na Ziwa Natron, ambao Wamaasai huuita Mlima wa Mungu. Dawson aliiona lava yake mwaka 1960. Haikuwa ya silikati kama lava ya volkano nyingine, bali ya kaboneti za sodiamu, potasiamu na kalsiamu; hupoa ikawa nyeusi, nayo ikipata unyevu wa hewa hugeuka nyeupe. Ni jamaa ya magadi yale ambayo mama zetu hutia katika maharage. Katika madini yake liko moja liitwalo nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere, na jingine gregoriiti, kwa jina la J. W. Gregory, mchunguzi wa Bonde la Ufa. Hayo yote tuliyaficha kwa kuacha maneno machache, tukabaki na tarakimu.

Wengine watasema ya kuwa siku hizi iko namba ya DOI. Mtu huigusa katika simu, na makala hufunguka. Ni kweli, nasi twashukuru. Lakini makala mengi huonyesha muhtasari tu, na yaliyobaki hudai malipo. Tena namba peke yake haimwambii mtu kama safari yafaa. Kwa msomaji aliye mbali na maktaba, mstari wa marejeo mara nyingi ndio sehemu pekee ya kazi ile atakayoiona. Ukiukata kichwa, hukumpa kitu.

Liko na kosa la pili, nalo ni letu, si la wanakemia. Kwa kuwa tarakimu hazisemi neno, ni rahisi kuzinakili bila kusoma. Mtu akikosea tarakimu moja, kosa huenda toka daftari hata daftari. Na sasa ziko programu za akili bandia ziwezazo kutunga marejeo yenye sura kamili, na makala yenyewe hayapo duniani. Mwalimu apimaye nukta na mlazo tu atayapa maksi zote. Njia ya mwongo ni fupi, lakini sisi twairefusha tukisahihisha umbo na kuacha kiini.

Basi shauri letu ni hili. Majina ya majarida yafupishwe, kwa kuwa ufupisho wake una orodha zijulikanazo. Lakini kichwa cha makala kiandikwe daima, kama mwongozo wa siku hizi wa Chama cha Kemia cha Marekani wenyewe ufanyavyo katika mifano yake. Na kila kijana aulizwe kwa mdomo: humo ulisoma nini? Aliyepata habari kwa mkono wa mtu mwingine aseme hivyo, wala si aibu.

Juma lililofuata tuliuandika mstari ule upya, pamoja na kichwa chake. Kijana yule akausoma kwa sauti hata mwisho, akasema, "Kumbe ni kwetu."