Aliyesimama Baina ya Jiko na Meza

Aghalabu filamu ya Big Night, iliyoongozwa na Stanley Tucci na Campbell Scott na kutolewa mwaka 1996, husifiwa kwa ajili ya mpishi wake. Sifa hiyo imebisha mlango wa jirani.

Kisa ni chepesi. Ndugu wawili wa Kitaliani, Primo na Secondo, wana mkahawa mdogo uitwao Paradise katika pwani ya New Jersey, Marekani, miaka ya 1950. Primo (Tony Shalhoub) hupika kama walivyopika wazee wake. Secondo (Tucci mwenyewe) hupokea wageni, huhesabu fedha na huiogopa benki. Ng'ambo ya barabara yupo Pascal (Ian Holm), ambaye ukumbi wake hufurika kwa kuwa huwapa Wamarekani kile wanachodhani kuwa ni Kitaliani. Ndiye anayeahidi kumwalika mwimbaji Louis Prima aje ale Paradise, na ndugu hao wanamalizia akiba yao kwa karamu ya usiku mmoja.

Mapema katika filamu bibi mmoja analetewa risotto, wali usiotaka haraka, naye anaomba aletewe na tambi kando yake. Primo anaghadhibika: nani alaye wali kwa tambi? Watazamaji hucheka wakawa upande wake. Lakini aliyewahi kufasiri shairi atamtazama Secondo. Jikoni kuna mtunzi asiyekubali kupunguziwa hata mizani moja. Mezani kuna msomaji mwenye njaa, ambaye hakukosa adabu, hakuzoea tu. Kila neno alisemalo Secondo baina yao ni tafsiri, na ndani ya kila tafsiri mna uongo kidogo. Primo ameihifadhi sanaa yake ikabaki safi, na meza zake zikabaki tupu. Filamu inamsamehe hilo upesi mno.

Karamu yenyewe imepigwa picha kwa mahaba. Kilele chake ni timpano, neno lenye maana ya ngoma: kinyunya kilichotandazwa ndani ya beseni, kikashindiliwa tambi, mayai, nyama na jibini, kikaokwa, kisha kikapinduliwa. Kabla ya kukata, ndugu hao wanakigonga na kukitegea sikio. Aliyewahi kungoja kifuniko cha sufuria ya biriani kiinuliwe hahitaji kuelezwa kimya kile.

Prima haji, Pascal hakumwita kabisa. Hapa hadithi inalegea kidogo, na wanawake wake, Gabriella wa Isabella Rossellini na Phyllis wa Minnie Driver, wanaonekana wamewekwa ili hatia ya Secondo ipate mashahidi.

Onyesho la mwisho linalipa deni lote. Alfajiri, baada ya ndugu kugombana ufukweni, Secondo anaingia jikoni, anavunja mayai na kukaanga kimanda. Kamera imetulia, maneno karibu hakuna. Anamgawia mtumishi wao kijana, anajigawia, anabakiza. Primo anaingia. Secondo anainuka, anampakulia, wanakaa bega kwa bega, kisha mkono wa kila mmoja unamwangukia mwenziwe.

Wengi hukikumbuka kimya hicho wakasahau nani aliyeshika kikaango. Ni yule mfasiri, aliyekwenda na kurudi filamu nzima na chakula cha mwingine. Sasa ametunga ubeti wake: mayai tu. Primo anakula, wala hasemi kama chumvi imezidi au imepungua.